Mafuta Yakilala Kwenye Mstari

Habarurema alikuwa na jibu moja ambalo kwa miaka miwili halikumwisha mdomoni: "Sikukuwa na mbio." Mke wake alilisikia, padri alilisikia, wenzake wasukuma chukudu walilisikia mpaka wakawa wanamwiga kwa kicheko. Ukimkuta peke yake mbele ya nyumba yake kule Katoyi, mtaa wa Goma, akipigilia raba kwenye gurudumu, ungemsikia akiliambia gurudumu lenyewe: sikukuwa na mbio, mimi. Gurudumu halikuwa limemwuliza kitu.

Tumjue kwanza, hukumu baadaye. Ni mtu wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Rutshuru, mwenye mabega mapana na goti la kushoto lililoota sugu kwa sababu ya kupiga magoti juu ya mbao. Kazi yake ni chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedali wala kiti, ambayo nusu ya Goma imejengwa kwa mgongo wake. Asubuhi anaisukuma tupu kupanda Kibati, anapakia magunia manne ya viazi, halafu anarudi nayo mjini ikishuka yenyewe. Kupanda ni jasho. Kushuka ndiko kwenye sala, kwa maana kinachomzuia mtu na kifo ni kipande tu cha pneu, raba ya tairi, kilichopigiliwa misumari nyuma, ambacho ukikikanyaga kinashuka na kulisugua gurudumu. Hicho ndicho frein. Hakuna kingine.

Sasa hayo ya miaka miwili iliyopita. Chini ya Kibati kuna kona, na pale kwenye kona Mama Kasoki, mama mmoja kutoka Butembo, anauza nyanya na vitunguu. Siku hiyo alikuwa akivuka njia na beseni kichwani. Habarurema alimwona, akafanya kile wasukuma chukudu wote wanachofanya, akapiga kelele: "Njiaaa!" Akapiga tena: "Njiaaa!" Mama akageukia huku, akageukia kule, beseni likamlemea, na chukudu ikamkuta kwenye muundi. Mguu ukavunjika mara mbili. Waliokuwepo wote walishuhudia kwamba mzee hakuwa na mbio, hata kuku angemkwepa. Lakini mguu haukusikiliza mashahidi.

Habarurema alibeba gharama za hospitali, hilo nalisema wazi, asionewe. Alimtuma mke wake, Nyiramahirwe, na kuku na kilo kumi za maharagwe. Kisha akamtuma mara ya pili na kitenge. Ila kuna jambo ambalo huku kwetu halina mjumbe. Ukimvunja mtu, unaenda wewe mwenyewe, unakaa chini mbele yake, unasema pole kwa mdomo wako. Kuku anatumwa, neno halitumwi. Habarurema hakwenda. Kila juma alisema ataenda, na kila juma akapata kazi. Moyoni alikuwa na hoja yake: nikienda nitakuwa nimekubali, na mimi sikukuwa na mbio.

Mama Kasoki alirudi kwenye kona yake na fimbo, na mguu usiokunjika. Alibadilisha jambo moja tu. Zamani kiti chake kilitazama mjini, wateja wanakotokea. Sasa alikigeuza kikatazama mlimani. Kila Habarurema akipita na magunia yake, mama alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza: "Polepole, Papa Umurerwa." Naye alijibu bila kumtazama, "Sina mbio, mama." Miaka miwili, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Na woga ukamwingia, jamani. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Alianza kushuka mguu ukiwa umekanyaga frein kutoka juu mpaka chini, hata pale ambapo njia haishuki. Raba ilimwishia kila baada ya siku nne. Wenceslas, rafiki yake na mdomo mkubwa kuliko wote wa barabara ile, alimpita kila siku akipaza sauti: "Muzee, konokono iko nyuma yako, iko naomba njia!" Habarurema hakucheka. Alikuwa akihesabu akina mama, watoto wa masomo, mbuzi, kila chenye miguu. Usiku aliota muundi. Asubuhi alipokunywa chai, kikombe kiligonga meno.

Ni hicho kikombe alichokisikia Umurerwa. Huyu ni binti yake, mtoto wake wa kwanza, ana miaka ishirini na sita, mwalimu wa fizikia kwenye shule ya sekondari ya mtaani. Habarurema anamwita mama, kwa sababu amebeba jina la bibi yake, mama mzazi wa Habarurema. Jumapili moja baada ya misa, Umurerwa alichukua chupa ndogo ya plastiki, akaijaza nusu kwa mafuta ya kupikia, akaifunga kifuniko kwa nguvu.

"Wewe!" Nyiramahirwe akaruka kutoka jikoni. "Ile mafuta ni ya mboga ya sombe ya leo!"

"Mama, ni kidogo tu. Maji ingerukaruka. Mafuta haina haraka."

"Na sombe itapikwa na fizikia yako?"

Umurerwa alicheka, akatoka nje. Alichora mstari mwekundu kwa kalamu ya bic ubavuni mwa chupa, kutoka shingoni mpaka kitakoni. Kisha akailaza juu ya ubao mrefu wa chukudu, shingo ikitazama mbele, akaiwekea vijiti chini mpaka mafuta yakagusa mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akaifunga kwa mpira. Njia ya Katoyi pale ni tambarare, mtu anaweza kusukuma bila kupanda wala kushuka.

"Sukuma, papa."

Habarurema akasukuma. Mafuta yakakimbilia nyuma ya chupa, yakapanda juu ya mstari.

"Sasa shika mwendo moja. Usiongeze, usipunguze."

Akashika mwendo mmoja. Mafuta yakarudi, yakalala kwenye mstari kama hayakuwahi kuamka. Akakanyaga frein, yakakimbilia mbele.

"Unaona? Batu bote banasema accélération ni kukimbia. Dereva wa taxi akiambiwa accélère, anaongeza moto. Ku fizikia hapana. Accélération ni mbio kubadilika. Zikiongezeka, njo hiyo. Zikipungua, njo hiyo. Na ukipinda tu, hata kama haukuongeza kitu, njo hiyo pia."

"Ngoja, ngoja, mama." Habarurema aliinua mkono. "Unasema mimi nikikanyaga frein, niko na-accélérer?"

"Ndiyo, papa. Upande wa nyuma."

"Yesu wangu! Na kupinda pia?"

"Na kupinda. Mbio zina ukubwa na zina upande. Ukibadilisha upande, umezibadilisha."

"Nyiramahirwe! Njoo usikie kile tulilipia minerval ya shule miaka yote!"

Walicheka watatu, na mtu mzima huyo akajisikia mwepesi. Akauliza kile alichotaka: sasa kichupa hiki kitanisaidia nini? Umurerwa akamwambia ataacha kukanyaga frein bila sababu. Atatazama chupa. "Mafuta ikilala ku mustari, mbio zako hazibadilike. Tulia. Ikitoka ku mustari, kuna kitu kinabadilika, angalia." Habarurema akarudia maneno hayo mara mbili, kama katekisimu.

Pengine mambo yangeishia hapo vizuri. Lakini mwalimu ni mwalimu, hajui kunyamaza. Umurerwa akaendelea kwa furaha yake: "Na tena, papa, mbio ndogo inaweza kuleta accélération kubwa sana. Kitu kizito kikienda polepole, kikigonga mutu mwenye kusimama, ule mutu anatoka zero, anapewa mbio yote mara moja, haijapita hata kufunga jicho. Ni yeye njo anapata accélération. Haiko mwenye kugonga. Mifupa haiogope mbio, inaogopa ile."

Alipomaliza, aliona baba yake ameshika ubao wa chukudu kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipoukumbuka mguu wa Mama Kasoki, akajiziba mdomo. Habarurema alisema jua limekuwa kali, akaingia ndani, na sombe ya siku hiyo hakuila.

Juma lile alishuka na chupa yake. Na kwa kuwa frein alikuwa akiikanyaga bila kuachia, kila alipoitazama chupa aliona mafuta yamejikusanya mbele, mbali na mstari. Jumatatu mbele, Jumanne mbele, Jumatano vilevile. Akawaza kama mwanafunzi mwenye bidii: mwalimu alisema mafuta yakitoka kwenye mstari, kuna kitu kinabadilika. Basi mimi ninabadilisha mbio kila wakati. Ninaharibu raba bure, ninajitia hofu bure. Ningekuwa nimetulia, yangelala. Ona basi jinsi mtu anavyoweza kupotea akiwa na kitabu mkononi. Hakugundua kwamba hata akiwa amesimama kule Kibati, gurudumu limezuiwa na jiwe, mafuta yalikuwa mbele vilevile; maana akisimama alitazama magunia, hakutazama chupa.

Alhamisi kulikuwa na manyunyu. Alipakia manne, na mwenye viazi akamwomba aongeze nusu gunia, akaongeza. Wenceslas alitangulia mbele yake na mbao. Habarurema akajiweka sawa, akapiga ishara ya msalaba, akaondoa jiwe.

Mwanzoni alikanyaga kama kawaida, mafuta mbele. Akalegeza kidogo. Mafuta yakasogea. Akalegeza tena, yakasogea tena kuelekea mstari, na yeye akayatazama jinsi mtu anavyotazama maziwa jikoni. Alipouinua mguu kabisa, yalilala. Mwanzo hadi mwisho, juu ya bic nyekundu, kimya. Kwa mara ya kwanza tangu muundi ule, moyo wake ulikaa chini. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Umurerwa.

Mikaratusi ya kando ya njia ilianza kupita. Kisha akamfikia Wenceslas. Hiyo peke yake ingetosha kumzindua, kwa sababu kwa miaka miwili hakuwa amempita hata mbuzi, lakini alimpita Wenceslas na mbao zake, na Wenceslas akapiga ukelele, "Muzee! Frein! Frein, muzee!"

Leo ni zamu yangu kukutania, aliwaza, na akatabasamu. Kofia ikamtoka kichwani.

Hapo ndipo masikio yalipoanza kuvuma. Magunia yalitetemeka, gurudumu la mbele likatoa mlio ambao alikuwa amewahi kuusikia kwa wengine tu, kwa wale waliozikwa. Akaitazama chupa: kwenye mstari. Akaitazama njia: njia inakuja kumkuta. Chupa ilisema tulia, tumbo lilisema unakufa. Na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, aliiamini chupa, kwa sababu ilitoka kwa mtoto wake.

Kisha akakanyaga. Raba ilikuwa imelowa, ikateleza. Akakanyaga kwa uzito wake wote. Ikashika, moshi ukatoka, harufu ya pneu ikampanda puani, na mafuta yakaondoka kwenye mstari yakaja mbele. Ndipo alipoelewa, bila kujua ameelewa nini. Mafuta yakiwa mbele, kuna kitu kinamshika. Misumari ikang'oka. Kipande cha pneu kikaruka nyuma njiani, na mafuta, taratibu, bila haraka, yakarudi kulala kwenye mstari wake.

Kona ilikuwa hapo. Na kwenye kona, kiti, na juu ya kiti Mama Kasoki, amemtazama. Fimbo yake ilikuwa imeegemea beseni. Hakuinuka. Habarurema alimwona vizuri kabisa, aliona hata nyanya zilivyopangwa nne nne.

Kelele ilikuwa tayari kooni. "Njiaaa," kile anachosema kila msukuma chukudu, kile alichosema siku ile. Ilifika kwenye meno, akaona hamna haja. Mama yule hana njia ya kutoa, njia yake aliivunja Habarurema mwenyewe. Kushoto kulikuwa na lundo la kokoto za volkano, zile wanazoponda watu kwa nyundo ili kuwauzia wajenzi. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaurusha mwili wake wote kushoto. Chukudu ikakataa. Akaurusha tena. Ikapinda.

Yaliyofuata hakuyaona vizuri. Kokoto zililimeza gurudumu la mbele, magunia yakampita juu ya kichwa, na bega lake likasikika likisema kitu. Viazi vilibingirika kushuka njia nzima, vingine vikaenda kusimama miguuni kwa Mama Kasoki. Wenceslas alifika akikimbia, chukudu yake ameitupa huko juu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kutania. Alilia tu, "Muzee, muzee, muzee."

"Mama yule," Habarurema aliuliza, mchanga mdomoni. "Nimemgonga?"

"Haukugonga mutu."

"Angalia vizuri."

"Muzee, iko pale! Iko ku kiti yake!"

Ndipo alipozimia.

Mfupa wa bega ulivunjika, na mbavu mbili. Alifungwa bendeji, akarudishwa Katoyi, akalazwa kwenye mkeka sebuleni. Umurerwa hakwenda shuleni siku tatu. Alikuwa ameikuta chupa kwa Wenceslas, haijapasuka hata, na aliiweka juu ya meza akaitazama na kulia, akaitazama na kulia. Siku ya pili aliinua upande mmoja wa meza kidogo, na chupa ikiwa imetulia tuli, mafuta yakaenda mbele.

"Papa, ni mimi nilikuua."

"Sijakufa, mama."

"Nilikufundisha ku njia ya tambarare. Ku mulima iko kinyume. Njia imeinama, basi chukudu ikisimama, mafuta iko mbele. Ikishuka mwendo moja, iko mbele. Ikirudi ku mustari, maana yake hakuna kitu kinashika chukudu, iko naanguka tu na mulima, na mafuta iko naanguka nayo pamoja. Ile utulivu njo ilikuwa kifo yenyewe. Nilipashwa kujua! Ni kazi yangu!"

Habarurema alimtazama mwanawe akitetemeka na kikombe cha uji mkononi, kikigonga kijiko, na akautambua mtetemeko ule. Alitaka kumwambia neno la kumtuliza. Lililomjia la kwanza lilikuwa lile lile la zamani, la kwamba si kosa la mtu. Akalimeza.

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, fimbo ilisikika ikigonga mawe nje. Nyiramahirwe alifungua mlango. Mama Kasoki alikuwa amekuja kutoka kule juu, kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka barabarani na kwa miguu yake kutoka hapo, na mgongoni ana mfuko wa viazi.

"Nilibiokota," alisema akiutua. "Vingine watoto walivichukua, siwezi kuwakimbiza."

Alipewa kiti. Ilimchukua muda kukaa: fimbo kwanza, kisha mkono kwenye ukuta, kisha ule mguu ukanyooshwa mbele yake katikati ya sebule. Habarurema hakuwa ameuona kwa karibu hata siku moja. Ulikuwa na kovu refu, na chini ya goti ulikuwa umekwenda pembeni kidogo.

"Nilikuona unakuja," mama alisema. "Tangu kule juu, kabla Wenceslas hajapiga kelele. Sikuinuka, sababu siwezi kuinuka haraka. Nikasema, Kasoki, leo ni mwisho, ukae tu."

Umurerwa alisimama kando ya meza, amefunika chupa kwa kiganja.

"Siku ile ya kwanza ulipiga kelele," mama aliendelea. "Ulipiga kelele sana. Kelele yako njo niko naisikia mpaka leo. Mara hii haukupiga kelele. Ulipinda."

Habarurema aliweka mkono mzima sakafuni. Nyiramahirwe alikimbia kumzuia, daktari alisema asiinuke, lakini hakuwa akiinuka, alikuwa akishuka. Alitoka kwenye mkeka, akakaa chini kwenye simenti mbele ya ule mguu ulionyooshwa, bendeji na yote, jasho la maumivu likimtoka kwenye paji.

"Mama Kasoki," alisema.

Alisubiri pumzi imrudie, na kila mtu mle ndani alilijua jibu lake, miaka miwili walikuwa wamelisikia.

"Siku ile nilikuona mbali. Ningeweza kupinda. Pole, mama."